Chokaa Iliyoishia Kwenye Shubaka

Kijijini Nangla, mtu akitaka kujua kama wakati wa kupaka nyumba chokaa umefika, alimwita Bharpai. Binti huyu wa Hoshiar alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, mkimya kiasi cha kuudhi, na shule yake iliishia darasa la tano. Lakini kuta alizijua. Aliingia chumbani jua likiwa utosini, akaweka kiganja ukutani, kisha akaegemeza shavu na kutulia. Akisema "bado", hakuna aliyethubutu kuchovya brashi. Mvua kubwa zikishaondoka, maji hubaki ndani ya tofali mwezi mzima, na anayeharakisha huiona chokaa yake ikivimba na kubanduka magamba kabla ya wiki mbili kwisha. Anayechelewa naye, Diwali, sikukuu ya taa, humkuta na masizi, na Lakshmi, mungu wa kike wa neema ambaye siku hiyo ni yake, haingii nyumba ya masizi. Kati ya hayo mawili kuna siku kama ishirini tu, na katika siku hizo ishirini Bharpai alikuwa mtu mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Alipaka kwa wote. Mkono wake ulikwenda sawa, haukuacha michirizi, na kipimo cha nili, ile rangi ya buluu, alichotia ndooni kiliifanya chokaa iwe nyeupe iliyotulia, si ya kijivu. Walimlipa nafaka, wengine kitambaa, wengine asante tupu. Jioni alirudi kwao na madoa meupe mpaka kwenye kope, akaingia nyumba nyeusi kuliko zote Nangla.

Kinyozi hajinyoi, walimwambia, wakacheka. Aliyependa zaidi kuirudia methali hiyo ni Chameli, jirani wa ukuta mmoja, mama mwema mwenye mdomo usio na mlango. Akishaisema alijuta, akampa binti wa watu bakuli la maziwa mgando. Kwa maana kila mtu alijua kwa nini nyumba ile haikupakwa, na kila mtu alijua kwamba Bharpai mwenyewe alikuwa nusu ya sababu.

Mambo yalianza kabla hajazaliwa. Bibi yake, Phulwati, alikuwa na wana wawili. Mkubwa, Jagrup, kijana wa miaka kumi na tisa, alitoka asubuhi ya Diwali kwenda kufungulia pampu ya maji shambani, akashika waya uliochunika. Walimrudisha juu ya kitanda cha kamba. Nyumba ilikuwa imeshapakwa, taa za udongo zimepangwa, karai la mafuta liko mekoni.

Na sikukuu ikishaua mtu, huwa imeharibika kwa nyumba hiyo. Si kwa mwaka mmoja wa msiba, imeharibika moja kwa moja. Hakupakwi chokaa kwa ajili yake, hakuwashwi taa, hakukaangwi kitu. Majirani ndio huleta chakula, nacho huliwa kimyakimya. Sikukuu ya namna hiyo hurudi kwa njia mbili tu: mtoto wa kiume azaliwe ndani ya nyumba ile siku ileile, au ng'ombe wa nyumba ile azae siku ileile. Ng'ombe, si nyati. Ndivyo walivyoikuta mila, na sijapata kumsikia mtu akiuliza ni nani aliyeipanga.

Phulwati hakuwa mtu wa kukaa kitako akangoja kudra. Nangla nzima ilifuga nyati kwa sababu maziwa yao yana mafuta, yeye akanunua ng'ombe. Kila mwaka, wakati wa baridi, mashamba ya haradali yakiwa yamechanua njano, alihesabu kwa vifundo vya vidole kutoka Diwali ijayo kurudi nyuma, miezi tisa na siku kadhaa, akamkokota ng'ombe kwenda kwa dume. Wala hakuishia kwa ng'ombe. Hoshiar, mwana aliyebaki, alikuwa askari mpakani huko mbali. Mama yake alimwandikishia barua kwamba anaumwa sana, aombe likizo aje upesi, na ugonjwa huo ulimshika kila mwaka haradali ikichanua. Nihali, mke wa Hoshiar, aliona haya kwenda kisimani wiki zile, maana wanawake wenzake waliijua hesabu kuliko yeye. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Phulwati hakucheka.

Ng'ombe alizaa siku tatu kabla ya Diwali, mwaka uliofuata akazaa siku tano baada yake. Ikaendelea hivyo, huku na huku, hata mwaka wa sita, alfajiri ya Diwali yenyewe, uchungu ukamshika Nihali.

Phulwati hakungoja. Alikuwa na chokaa iliyolowekwa mtungini, akisema ni ya dharura tu. Nihali akiwa chumba cha ndani anauma kitambaa, mama mkwe alipanda kigoda chumba cha mbele akaanza kupaka. Waliokuwapo wanasema alikuwa akiimba, wimbo wa kumpokea mtoto wa kiume, kwa sauti ambayo hawakuisikia kwake tangu Jagrup alipoondoka. Alipaka kutoka mlangoni, mkono juu mkono chini, mpaka kwenye shubaka, kile kishimo cha kuwekea taa kilicho katikati ya ukuta. Hapo mkunga akatokeza akijifuta mikono.

"Lakshmi amekuja kwenu, dada," alisema. "Na siku yake mwenyewe."

Ndivyo wanavyosema anapozaliwa msichana, kumpoza mwenye nyumba. Phulwati alishuka kigodani. Brashi aliitumbukiza ndooni, ndoo akaisukuma uvunguni, na huko chokaa iliganda ikawa jiwe, brashi imo ndani. Sinia la shaba, ambalo lingegongwa kijiji kisikie kama angekuwa wa kiume, lilirudishwa rafuni. Mtoto akapewa jina la Bharpai. Wako wengi wa jina hilo pande zile, na maana yake ni kumwambia Mungu kwamba wasichana tumepokea, inatosha.

Tangu siku ile Phulwati alikuwa na hakika ya jambo moja: alipaka kabla ya wakati. Alionyesha furaha kabla ya kupewa, na mtoto akageuka humo tumboni. Hakumlaumu Nihali hata kidogo, alijilaumu mwenyewe. Aliisimulia habari hiyo mbele ya Bharpai bila ubaya wowote, kama mtu anayesimulia alivyounguza mchuzi, na kila mara alimalizia kwa kusema kwamba angengoja saa moja tu, moja tu. Na Bharpai, tangu alipoanza kuelewa maneno ya watu wazima, alielewa kwamba mchuzi ulioungua ni yeye.

Ukuta ulibaki hivyo. Nusu yake nyeupe, ikageuka njano kwa moshi wa samadi ya kupikia, nusu yake nyeusi, na katikati mstari wenye meno ya brashi, unaoshuka kutoka dari hadi sakafu kando ya shubaka. Mwaka baada ya mwaka ndama hawakuja siku yao. Nihali aliharibikiwa mimba mbili, baadaye hakushika tena. Wageni waliuliza kuhusu ule ukuta, wakajibiwa, wakamtazama msichana. Bharpai aliuchukia mstari ule kuliko kitu chochote duniani. Alikula akiupa mgongo. Kila Diwali, kijiji kizima kikiwaka taa na yeye akitimiza mwaka mwingine, walikaa gizani wakala puri za Chameli, mikate ya kukaanga iliyokwisha kupoa.

Alipofika kumi na saba akaposwa. Kijana alikuwa fundi wa mashine za kusaga katika kijiji cha pili, hana makuu, ana mama mcheshi. Harusi ikapangwa siku ya kumi na moja baada ya Diwali, ambayo ndiyo siku harusi zinapofunguliwa tena baada ya miezi ya mwiko. Na nyumba ya harusi hupakwa, hilo nalo halina mjadala. Hoshiar, ambaye sasa alikuwa amestaafu jeshi na masharubu yamemwota mvi, alijikuta katikati ya mila mbili na mama mmoja.

Bharpai alimfuata uani alipokuwa akikatakata majani ya ng'ombe wao, Dhauli. Hakuwa mtu wa kuomba, na Hoshiar alilijua hilo, ndiyo maana aliweka panga chini.

"Baba, kuta zetu zimekauka. Nimezipima mwenyewe."

"Bibi yako anataka tungoje. Dhauli yuko karibu kuzaa."

"Dhauli yuko karibu kila mwaka."

Hoshiar alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Sitaki taa, baba," Bharpai alisema. "Sinia sitaki. Nataka nitoke kwenye nyumba iliyopakwa kwa ajili yangu. Mara moja tu, halafu basi, mtaniondoa."

Yule mzee wa jeshi alitazama pembeni. Alimwambia kwamba Diwali ikishapita, ng'ombe azae asizae, asubuhi yake atashika brashi yeye mwenyewe. "Kwa ajili yako," alisema. "Si ya mtu mwingine. Bibi yako niachie mimi."

Na kweli alikwenda kumwambia mama yake. Phulwati alinung'unika siku mbili, akakubali kwamba harusi ni harusi. Ila kabla ya Diwali kwisha, asimwone mtu na ndoo. Kosa lile halifanyi mara mbili.

Basi Bharpai akajiandaa. Mawe ya chokaa alikwenda kuyachagua mwenyewe, akayamwagia maji yakachemka na kutoa mvuke, akayaacha yatulie siku nne, akayachuja kwa kitambaa mara mbili. Alitia gundi, akatia nili kidogo kidogo, akijaribu kwenye ukucha. Katika nyumba zote alizozipaka hakuwahi kutengeneza chokaa laini namna ile. Aliifunika mtungini akaiweka kivulini, akawa anaifunua kila asubuhi kuitazama tu.

Kila asubuhi pia alimtazama Dhauli. Ng'ombe huyo alimlea kwa mikono yake tangu akiwa ndama mwenye kuhara, na sasa kiwele kilikuwa kimejaa na mkia umelegea. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba safari hii Phulwati amehesabu vizuri. Bibi alikuwa akizunguka banda akisali. Bharpai naye alikuwa akisali, na sala zao hazikuwa moja. Asubuhi ya Diwali aliinamisha kichwa kwenye sikio la ng'ombe, akamnong'oneza: "Kaa naye tumboni, mama. Siku moja tu. Kaa naye." Kisha akaona aibu, akamletea maji.

Dhauli alizaa mchana, jua limesimama.

Phulwati alimzuia kila mtu. Hakuna kushangilia, hakuna kutamka kitu. Alikaa amechutama mbele ya banda mpaka ndama akasimama, akaanguka, akasimama tena, akatafuta chuchu na kunyonya. Hapo ndipo mwanamke yule wa miaka sabini na kitu alipoingia ndani mbio, akatoka na sinia la shaba, akaligonga kwa mwiko mpaka Chameli akachungulia juu ya ukuta akidhani kuna moto. Kisha akalitupa sinia, akapiga magoti kwenye samadi, akamkumbatia yule ndama mwenye ute, akamwita Jagrup. Alimwita mara nyingi. Alimuuliza mbona umekawia hivi, mwanangu, mama yako amezeeka. Hoshiar alishika nguzo ya banda, mabega yakimtikisika. Miaka ishirini na mitatu walikuwa hawajamlia ndugu yake kwa sauti.

Bharpai alilia pia, na majirani waliokuwa wakimiminika walimpigapiga mgongoni wakidhani ni furaha. Sehemu yake ilikuwa furaha. Angekuwa na bibi katili ingekuwa rahisi zaidi kwake.

"Haya, chokaa," Phulwati alisema alipoweza kusema. "Sasa ndio wakati. Taa zikiwashwa jioni nataka kuta ziwe nyeupe."

Mtungi ulikuwa palepale kivulini, tayari, kana kwamba uliandaliwa kwa kazi hiyo. Hoshiar aliunyanyua. Alipopita mbele ya binti yake alisita, na ilionekana wazi kwamba hakuwa amesahau.

"Si ni sawa tu, mwanangu?" alimuuliza, macho bado mekundu, uso umemfunguka kama wa kijana. "Nyumba ni ileile. Chokaa ni ileile."

"Ni sawa, baba."

Watu walijigawa vyumba. Wengine walikwaruza masizi, wengine wakateka maji, na Chameli alikuwa ameshaanza kutamba kwamba ni yeye aliyeuona mkia wa ng'ombe ukilegea kabla ya wote. Chumba cha mbele alipewa Bharpai kwa ajili ya mkono wake. Alianzia pembe ya mbali, upande mweusi, akaja akipaka kuelekea kwenye shubaka. Phulwati aliketi kitandani nyuma yake, samadi imemkaukia magotini, anamtazama akifanya kazi na kuridhika.

Bharpai hakugeuka aliposema. "Bibi, mimi pia nilizaliwa siku hii."

"Najua. Si nilikuwa nimepanda hapo hapo ulipo?"

"Kwani siku haikuwa yenyewe?"

Phulwati aliwaza. Hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto.

"Siku ilikuwa yenyewe, mjukuu wangu," alisema kwa upole. "Wewe ndiye hukuwa."

Brashi iliendelea kwenda juu na chini. Ukimuuliza Bharpai leo, atakwambia hakusikia maumivu wakati ule, alisikia baridi tu mikononi, nayo chokaa huleta baridi. Alipaka mpaka akafika kwenye mstari, na hapo akasimama, kwa sababu ilikuwa mara yake ya kwanza kuutazama kwa karibu.

Maisha yake yote alikuwa akiangalia mahali weupe ulipoishia. Sasa aliutazama weupe wenyewe. Kwa jicho la mtu wa kazi aliona kila mkono ulivyokwenda: mipigo mirefu, ya haraka, ikipanda juu kupita kiasi, imerukaruka, imedondosha matone sakafuni ambayo mtu makini asingeyaacha. Aliyepaka hakuwa akitazama kazi yake. Alikuwa na furaha mno. Kutoka mlangoni hadi kwenye shubaka, asubuhi moja nzima, kuna mtu katika nyumba hii aliyemngoja yeye kwa nyimbo. Ni makosa ya hesabu, alingojwa akidhaniwa mwingine, lakini aliyekuwa njiani anakuja ni yeye. Hakuna kitu kingine ndani ya nyumba ile kilichowahi kufanywa kwa ajili ya kuja kwake.

Nihali alikuwa amesimama mlangoni na trei ya taa za udongo. Mama huyu, katika miaka kumi na saba, hakuwahi kumjibu mkwewe hata neno moja kuhusu siku ile.

"Hapo paache," alisema.

"Paachwe vipi?" Phulwati alishangaa. "Wakwe waje wakute nusu njano nusu nyeupe? Huyo Chameli atatutangaza mpaka sokoni."

Nihali hakumtazama mkwewe. "Paache, mwanangu. Hapo ni pako. Ule wimbo nilikuwa nausikia nikiwa ndani. Hujawahi kuimbiwa wimbo mwingine."

Pengine Phulwati alikuwa ameusahau wimbo. Bharpai alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake, ambaye amengoja miaka ishirini na mitatu ili chumba hiki kiwe cheupe na mwanawe apate kuliliwa. Akatazama ukuta. Siku kumi na moja zimebaki, halafu wenyewe watabaki na ukuta huu na yeye hatakuwepo. Na zaidi ya yote, hakujua namna ya kuuacha ukuta nusu. Mikono yake haikufundishwa hivyo.

Alichovya brashi akapita juu ya mstari.

Chokaa mbichi haifichi kitu. Meno ya ile brashi ya zamani yalionekana chini yake, yakaendelea kuonekana mpaka ilipoanza kukauka, na hata ilipokauka mstari ulikuwa bado unasomeka, hafifu, kando ya shubaka. Bharpai alingoja. Aliweka kiganja, akaweka shavu, akangoja tena hadi ukuta ulipokubali. Kisha akapaka tabaka la pili kutoka mlangoni, taratibu, bila tone kudondoka, akimaliza kila mpigo mahali pake.

Alipogeuka, Nihali hakuwapo tena mlangoni. Trei ya taa ilikuwa sakafuni. Phulwati alijikongoja akasogea ukutani, akainamisha uso karibu na shubaka, akatafuta kwa macho yake mabovu palipokuwa na ule mstari. Alisema hapajulikani kabisa, akausifu mkono wa mjukuu wake, akatoka kwenda kumtazama ndama.